Luxray: simba wa umeme ambaye macho yake hayakupewa kazi

Sifa kubwa kuliko zote ya Luxray, mmoja wa viumbe wa kubuni waitwao Pokémon, imo katika maandishi, haimo katika mapambano. Pokédex, ile kamusi ya viumbe ambayo mchezaji huijaza katika safari yake, inaeleza kwamba macho ya mnyama huyu yanapong'aa kwa rangi ya dhahabu huweza kuona kilicho nyuma ya ukuta, akamfichua windo aliyejibanza au akamtafuta mtoto wake aliyepotea. Anayesoma maelezo hayo ana haki ya kutarajia kwamba uwezo huo utamsaidia mahali fulani, ama kwa kumfunulia Pokémon ambaye mpinzani bado hajamtoa, ama kwa kumkinga dhidi ya wanaojificha na kukwepa. Hatapata kitu cha namna hiyo. Luxray ana vipaji vitatu, yaani uwezo wa kuzaliwa nao unaofanya kazi wenyewe pambanoni, na hakuna hata kimoja kinachohusu kuona. Tathmini hii inamtazama kama mwenzi wa safari katika michezo ya video, kama mhusika wa katuni na kama kadi ya kuchezea. Naona inafaa kusema mapema kwamba ninampenda kiumbe huyu kuliko waliomtengeneza walivyoonekana kumpenda.

Alianza kuonekana mwaka 2006, michezo ya Diamond na Pearl ilipotolewa nchini Japani kwa ajili ya Nintendo DS, akiwa hatua ya mwisho ya ukoo wenye viumbe watatu. Wa kwanza ni Shinx, mtoto mwenye urefu wa nusu mita na uzito wa kilo 9.5, ambaye anapohisi hatari manyoya yake humeremeta hadi adui akapofuka kwa muda, naye akatoroka. Anapofika kiwango cha 15 huwa Luxio, na kiwango cha 30 humfanya Luxray kamili, mwenye urefu wa mita 1.4 na kilo 42. Mabadiliko hayo hayahitaji jiwe la pekee wala kubadilishana na mchezaji mwingine, jambo ambalo kwa anayecheza peke yake lina thamani kubwa. Electivire, mshindani wake wa karibu katika kizazi hichohicho cha michezo, hakupatikana bila kubadilishana, na zaidi ya hapo alihitaji kifaa maalumu, kwa hiyo wengi walimaliza mchezo bila kumgusa.

Umbo lake limebuniwa kwa akili. Mwili una rangi mbili, buluu na nyeusi, na ule weusi unakuwa shungi kubwa shingoni na mabegani, kubwa zaidi kwa dume kuliko kwa jike, kama inavyostahili kwa simba. Ncha ya mkia ina nyota ya njano yenye pembe nne, na macho yana mboni za njano ndani ya wekundu. Viumbe wengi wa aina ya Umeme katika ulimwengu huu wametengenezwa wapendeze, wakiwa na mashavu ya duara na sauti nyembamba, lakini Luxray alitengenezwa aogopwe. Hata anaposimama kimya kwenye skrini ndogo ya mwaka 2006, amechorwa kama mnyama anayemtazama mtu na kumpima. Toleo lake adimu, ambalo buluu yake hugeuka kuwa njano ya dhahabu, ni miongoni mwa machache yanayostahili muda ambao watu hupoteza kuyasaka.

Sinnoh, nchi ya kubuni iliyochorwa kwa kufuata kisiwa cha Hokkaido, ndiko thamani halisi ya Luxray inakoonekana, na inafaa kuifuatilia kwa undani kwa sababu wachezaji wengi hukutana naye huko. Shinx hupatikana kwenye Njia ya 202, kabla mchezaji hajafika Jubilife, mji mkubwa wa kwanza. Ni bahati njema kwa sababu viumbe wa Umeme katika Sinnoh ya mwanzo ni wachache mno, ilhali ndege na viumbe wa maji wamejaa kila upande, kuanzia Starly wa mpinzani wa utotoni ambaye baadaye huwa Staraptor mkali. Mchezaji anayempitia Shinx kwa kudhani kwamba atapata mwingine bora mbele ya safari hugundua upesi kwamba foleni ya wengine ni fupi.

Hata hivyo, mwanzo wake ni mgumu, na mapitio ya haki hayawezi kulificha hilo. Ukumbi wa kwanza wa mapambano ni wa Roark, ambaye Geodude na Onix wake wana aina za Mwamba na Ardhi, na aina ya Ardhi haidhuriki hata kidogo kwa umeme. Wa pili ni wa Gardenia, bingwa wa Majani, aina ambayo hupunguza nguvu ya umeme kwa nusu. Kwa hiyo katika saa za kwanza za mchezo Shinx hukaa benchi wakati wa mapambano makuu na kufanya kazi ndogondogo njiani, na mchezaji asiye na subira humwacha hapo. Ninachoweza kumwambia mchezaji huyo ni kwamba asimwache. Kuanzia Luxio anapokomaa mambo hubadilika: miongoni mwa viongozi wa kumbi zinazofuata, Drifblim wa Fantina huumizwa na umeme, na Gyarados wa Crasher Wake huumia mara nne kwa kuwa ana aina za Maji na Anga kwa pamoja. Cyrus, mkuu wa genge la wahalifu la Team Galactic, hutembea na Honchkrow, Crobat na Gyarados, na kila mmoja wao ni mwathirika halali wa simba huyu. Sijui kama waandaaji walikusudia, lakini timu ya mhalifu mkuu wa hadithi hiyo inaonekana kana kwamba imepangwa kwa ajili ya Luxray.

Mwishoni mwa safari, katika ligi ambako mchezaji hukabili mabingwa wa mwisho, hali inachanganyika tena. Miongoni mwa wadudu wa Aaron wamo wanaoruka, na hao huanguka mapema. Bertha anatumia aina ya Ardhi, na kumpeleka Luxray mbele yake ni kumtoa kafara. Lucian anatumia aina ya Akili, na hapo pigo la Crunch, ambalo ni la aina ya Giza, humpa Luxray nafasi ambayo Pokémon wengi wa Umeme hawana. Kuhusu Cynthia, bingwa anayewaogopesha wachezaji hadi leo, Luxray anaweza kumkabili Milotic kwa ujasiri, lakini Gastrodon na Garchomp wote wana aina ya Ardhi, na Garchomp hasa humaliza mazungumzo kwa pigo moja. Yaani kwa safari nzima huyu ni Pokémon ambaye mapambano mengi humhitaji sana au hayamhitaji kabisa. Napendelea mwenzi wa namna hiyo kuliko yule wa wastani asiyefanya vizuri wala vibaya popote, kwa sababu humlazimisha mchezaji kupanga timu kwa kufikiri.

Takwimu zake zinaeleza kwa nini. Ana uhai wa 80, nguvu ya kushambulia ya 120, ulinzi wa 79, shambulizi maalumu la 95, ulinzi maalumu wa 79 na kasi ya 70, jumla 523. Nguvu ya kushambulia ya 120 ni kubwa kwa kipimo chochote, na uwiano wa ulinzi wake si mbaya. Kasoro ni ile kasi ya 70. Jolteon ana 130, Manectric ana 105, na hata Electivire mwenye mwili mkubwa ana 95. Aina ya Umeme imezoeleka kuwa ya wepesi, na mchezaji anayemwona mnyama mwenye umbo la mwindaji hutarajia aruke kabla adui hajapepesa macho. Badala yake Luxray hupiga wa pili mara nyingi, kama bondia mwenye ngumi nzito na miguu mizito vilevile.

Kasoro ya pili ni ya mapigo, na hii ndiyo iliyonikera zaidi katika Diamond na Pearl. Kabla ya michezo hiyo, mapigo yote ya umeme yalihesabiwa kuwa maalumu, yaani yalitegemea shambulizi maalumu hata kama Pokémon alikuwa anang'ata. Kizazi cha nne kilibadilisha kanuni hiyo kwa kulipatia kila pigo hesabu yake, na Luxray mwenye nguvu ya 120 alionekana kuzaliwa kwa ajili ya mageuzi hayo. Lakini alipewa nini cha kupigia? Alipewa Spark, yenye nguvu ya 65, tangu utotoni. Kisha baada ya kusubiri hadi kiwango cha 35 hujifunza Thunder Fang, ambayo nayo ina nguvu ya 65, na tofauti kubwa ni kwamba hukosa shabaha mara tano katika kila mia. Mtu hufurahi kuona jina jipya kwenye skrini, kisha anasoma maelezo na kugundua kwamba amesubiri muda wote huo ili apate kile alichokuwa nacho, kikiwa kimepunguzwa usahihi na kuongezewa nafasi ndogo ya kumfanya adui ashtuke.

Hesabu nyepesi inaonyesha ubaya wa jambo hili. Thunderbolt, pigo maalumu ambalo Luxray hufundishwa kwa mashine, lilikuwa na nguvu ya 95 wakati huo. Ukizidisha 95 hiyo kwa shambulizi lake maalumu la 95 unapata 9,025, wakati Spark ya 65 ukiizidisha kwa nguvu ya kushambulia ya 120 unapata 7,800. Kwa maneno mengine, dhidi ya adui mwenye ulinzi ulio sawa pande zote mbili, mnyama aliyejengwa kwa ajili ya kung'ata na kurarua aliumiza zaidi kwa kurusha umeme kutoka mbali. Wachezaji waliokuwa na uzoefu walimpa Thunderbolt na Crunch kwa pamoja wakaendelea na maisha, na mpangilio huo ulifanya kazi, lakini hauondoi hisia kwamba nusu ya mwili wake ilikaa bila ajira.

Dawa ilikuja mwaka 2010 katika Black na White, michezo iliyoleta Wild Charge. Pigo hilo la umeme lina nguvu ya 90 na hutegemea nguvu ya kushambulia, ila mpigaji mwenyewe huumia kwa robo ya madhara aliyoyasababisha. Hapo hesabu inapanda hadi 10,800, na Luxray anaanza kupiga kama anavyoonekana. Gharama ya kuumia si ndogo kwa Pokémon ambaye tayari hupigwa kwanza, na ndiyo maana huwezi kumtumia kwa raundi nyingi mfululizo, lakini naiona kuwa gharama ya haki. Ukiongeza Crunch na Ice Fang, ambayo huwatisha akina Garchomp wanaojidai hawaogopi umeme, unapata mshambuliaji mwenye majibu kwa maadui wengi. Baadaye, kuanzia Isle of Armor, nyongeza ya michezo ya Sword na Shield, alipata pia Psychic Fangs, pigo linalovunja kinga ambazo mpinzani amezisimamisha. Hawezi kuona nyuma ya ukuta, basi angalau ameruhusiwa kuuvunja.

Vipaji vyake vinastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu uchaguzi wa kipaji hubadilisha kabisa Luxray unayemlea. Intimidate hushusha nguvu ya kushambulia ya adui kila Luxray anapoingia uwanjani, na kwa maoni yangu ndicho kipaji bora kwake katika safari ya kawaida. Humpa uvumilivu ambao kasi yake ndogo inaudai, na kumwezesha kuingia na kutoka mara kwa mara huku akimdhoofisha mpinzani kila anaporudi. Rivalry huongeza madhara kwa robo dhidi ya adui wa jinsia ileile na kuyapunguza kwa robo dhidi ya jinsia tofauti, wala hakifanyi chochote kwa asiye na jinsia. Ni kipaji chenye maana katika hadithi ya madume yanayogombea himaya, lakini mchezaji hana mamlaka juu ya jinsia ya anayekutana naye, hivyo anakuwa amekabidhi nguvu ya timu yake kwa bahati. Ukimkamata Shinx mwenye Rivalry, shauri langu ni kurudi majanini na kutafuta mwingine, kwa kuwa kukamata Shinx ni rahisi na kazi hiyo haichukui muda.

Kipaji cha tatu ni Guts, kilichofichwa, ambacho kilianza kupatikana kuanzia kizazi cha tano. Pokémon mwenye Guts akiungua, akiwekewa sumu au akipooza, nguvu yake ya kushambulia hupanda kwa nusu, na mwako wa moto ambao kwa kawaida hupunguza nguvu hiyo haumpunguzii. Wapo wanaompa Luxray kifaa cha Flame Orb ili ajiunguze mwenyewe, kisha wakatumia pigo la Facade ambalo nguvu yake ya 70 huongezeka maradufu kwa aliyepatwa na hali kama hiyo. Kwenye karatasi ni mpango wa kutisha. Uwanjani unakutana tena na kasi ya 70: Luxray anapoteza uhai kila raundi kwa mwako, anajiumiza kwa Wild Charge na bado anapigwa kwanza, kwa hiyo huondoka na adui mmoja, wakati mwingine wawili, kisha naye anaanguka. Anayependa mchezo wa namna hiyo ataufurahia. Mimi hurudi kwa Intimidate.

Katika mashindano ya wachezaji dhidi ya wachezaji sina mengi ya kusema. Jumuiya zinazopanga Pokémon kwa madaraja zimekuwa zikimweka chini kwa miaka mingi, na sababu ni hizo zilizokwisha kutajwa. Udhaifu wake ni mmoja tu, aina ya Ardhi, lakini aina hiyo haikosekani katika timu yoyote yenye akili.

Namna waandaaji wenyewe wanavyomtumia inasema jambo. Katika Diamond na Pearl, Luxray alikuwa silaha ya mwisho ya Volkner, kiongozi wa ukumbi wa nane katika mji wa Sunyshore, mtu aliyechoshwa na wapinzani dhaifu hadi akaanza kuchezea mitambo ya ukumbi wake na kuukatia mji mzima umeme. Timu yake ilikuwa na kichekesho chake, kwa sababu Sinnoh ilikuwa na uhaba mkubwa wa Pokémon wa Umeme kiasi kwamba bingwa wa aina hiyo alilazimika kubeba Ambipom na Octillery, ambao si wa Umeme hata kidogo. Lakini Luxray aliyekuja mwishoni aliirudishia heshima timu hiyo. Platinum, toleo lililoboreshwa la michezo hiyo, ilipotoka, Volkner alipewa timu kamili ya Umeme, na kiti cha mwisho kikaenda kwa Electivire. Miaka mingi baadaye, katika Scarlet na Violet, kiongozi wa ukumbi wa Umeme aitwaye Iono anamtuma Luxio kama mmoja wa askari wa katikati, na silaha yake ya mwisho ni Mismagius, kiumbe wa Mizimu aliyevishwa aina ya Umeme kwa muda. Mpango huo ni wa kijanja, kwa kuwa Mismagius huelea na hivyo huukwepa udhaifu wa Ardhi, lakini mpenzi wa Luxray anabaki akitazama simba wake akipitwa na mgeni.

Katuni ilimtendea vizuri zaidi. Katika mfululizo wa XY, Clemont, kijana mvumbuzi na kiongozi wa ukumbi wa Lumiose katika nchi ya Kalos, alikuwa rafiki wa Shinx mmoja enzi za masomo yake, wakatengana, na walipokutana tena Shinx alikwisha kuwa Luxio mwenye kinyongo cha kuachwa. Upatanisho wao ulipewa muda wa kutosha, na baadaye Luxio huyo akawa Luxray na kushiriki pambano la ukumbi dhidi ya Ash, mhusika mkuu wa katuni na rafiki wa Clemont mwenyewe. Nafurahi kwamba waandishi walimchagua Luxray kwa nafasi hiyo. Clemont ni mpole, mwenye miwani na mashine zinazolipuka bila mpango, na kumweka kando ya mnyama mwenye sura ya ukali kulimpa uzito ambao Bunnelby, Pokémon wake mwingine mwenye umbo la sungura, asingeweza kumpa. Pia kulionyesha upande wa ukoo huu ambao michezo huutaja kwa maandishi tu, kwamba ni viumbe wa kundi wanaoshikamana, kwa maana Pokédex inaeleza kuwa akina Luxio huishi katika makundi madogo na huunganisha mikia ili kuzalisha umeme mkubwa zaidi.

Mahali pekee ambapo yale macho yalipewa kazi ya kweli ni katika mchezo wa kadi. Mwaka 2009, katika mkusanyiko wa Rising Rivals, ilitoka kadi ya Luxray GL pamoja na toleo lake kuu, Luxray GL LV.X, iliyokuwa na uwezo uitwao Bright Look. Mchezaji alipoiweka LV.X juu ya Luxray GL aliyekuwa mbele, aliruhusiwa kumvuta Pokémon yeyote aliyekaa kwenye benchi la mpinzani na kumleta mbele apigwe. Asiyecheza kadi huenda asione ukubwa wa jambo hilo. Benchi ni mahali pa usalama, ambapo mpinzani huwaficha viumbe wake dhaifu wanaomsaidia kwa vipaji, au wale waliojeruhiwa wanaosubiri kutibiwa, na Luxray huyu aliwafuata huko na kuwatoa. Hii ndiyo tafsiri kamili ya mnyama anayeona windo nyuma ya ukuta, na inashangaza kwamba waliobuni kadi waliielewa mara moja huku waliobuni michezo wakiendelea kuipita.

Ubora wa kadi hiyo uliongezwa na mazingira yake. Luxray GL hakuhitaji kupitia Shinx wala Luxio, bali aliwekwa mezani moja kwa moja, na kadi iitwayo Poké Turn ilimruhusu mchezaji kumrudisha mkononi pamoja na kila kilichoambatanishwa naye, kisha kumweka tena na kutumia Bright Look kwa mara nyingine. Aliunganishwa na Garchomp C LV.X, ambaye alikuwa na pigo la kuwafikia waliokaa benchi, na kutoka hapo ikazaliwa timu iliyojulikana kwa jina la LuxChomp. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 2010, Yuta Komatsuda wa Japani alitwaa ubingwa wa kundi la wakubwa akiwa na timu ya ukoo huo. Simba ambaye katika michezo ya video anakaa madaraja ya chini alikuwa kwenye meza ya fainali ya dunia. Kadi hizo haziruhusiwi tena katika mashindano ya kawaida ya sasa, lakini anayekusanya kwa ajili ya kucheza mtindo wa enzi ile na marafiki hatajuta kuzitafuta.

Kwenye simu, Pokémon GO humdai mchezaji peremende 125 ili kumfikisha Shinx mmoja hadi Luxray, 25 kwa hatua ya kwanza na 100 kwa ya pili. Siku maalumu ya Shinx ya Novemba 2021 ndiyo iliyompa Psychic Fangs katika mchezo huo, na pigo hilo lina faida kwa sababu hushusha ulinzi wa adui. Zaidi ya hapo ni wa kupamba mkusanyiko.

Kwa anayetaka kumlea leo, uchaguzi wa mchezo una uzito. Brilliant Diamond na Shining Pearl, marudio ya mwaka 2021, yanampa safari ileile ya Sinnoh kwa sura mpya, na faida yake kubwa ni kwamba Wild Charge ipo, hivyo yale malalamiko yangu ya hesabu hayamhusu tena. Sura za wahusika zenye vichwa vikubwa hazinivutii, lakini wakati wa pambano Luxray mwenyewe amechorwa vizuri. Sword na Shield zilipotoka mwaka 2019 hazikuwa naye kabisa, na aliingia mwaka uliofuata kupitia nyongeza ya kulipia ya Isle of Armor. Sipendekezi kununua mchezo huo kwa ajili yake.

Legends: Arceus, ya Januari 2022, ndiyo iliyomtambulisha Shinx kwa ustadi kuliko yote. Mchezaji hupewa mtihani wa kukamata viumbe watatu kabla ya kukubaliwa katika kikosi cha utafiti: Bidoof, ambaye hajali akikaribiwa, Starly, ambaye huruka akisikia hatua, na Shinx, ambaye huona mtu na kumshambulia. Kwa dakika chache tu mchezo umekwisha kukufundisha kwamba mnyama huyu mdogo ana tabia, na kwamba atakayemfuga lazima kwanza apigane naye. Katika maeneo ya wazi ya Hisui, jina la Sinnoh ya zamani, ambako viumbe huonekana wakitembea majanini kabla hawajakuona, ukoo wa Shinx unapata uhai ambao njia nyembamba za mwaka 2006 hazikuweza kuupa.

Scarlet na Violet, za Novemba 2022, ndizo ninazoziweka juu kwa anayetaka Luxray mwenye uwezo kamili. Uwezo wa kubadilisha aina katikati ya pambano, unaoitwa Terastal, unamtatulia tatizo lake la tangu kuzaliwa, kwa kuwa Luxray aliyepewa aina ya Anga hadhuriki kabisa na mapigo ya Ardhi, na adui aliyetuma pigo la tetemeko akitarajia kummaliza anapoteza zamu yake. Umeme wake bado unatoka na nguvu ileile ya ziada, kwa sababu aina ya asili haipotezi faida ya mapigo yake. Ninampa Intimidate, Wild Charge, Crunch, Ice Fang na Psychic Fangs, na kasi simwongezei, kwa kuwa hata akiongezwa atabaki nyuma ya wale wepesi. Ni bora nguvu hiyo iende kwenye uhai, ili baada ya kuvumilia pigo la kwanza awe bado na mwili wa kujibu.